Tupeane uzoefu: HELB (mkopo wa serikali ya Kenya wa elimu ya juu) kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, inafaa au ni kujifunga kamba?

Nyamasaria (mwanzisha mada)

KUCCPS (shirika linalowapangia wanafunzi vyuo) ikishatangaza nafasi, huku Kisumu swali huwa ni moja: mtoto achukue HELB au mzazi auze ng'ombe? Wanaoshughulika na mambo haya kila siku, leteni hesabu na hatua. Yale ya "jirani alifilisika kwa sababu ya HELB" tuyaache, maana jirani huyo kila mtu anaye.

Naanza na msingi. Bodi ya HELB iliundwa kwa sheria ya 1995. Mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja wa kupumua, kisha deni linaanza kudaiwa. Usipolipa, kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Tazameni hizo namba mbili, 4 na 5,000, kwa sababu watu hugombana na ya kwanza huku inayowaua ni ya pili.

HesabuMilimani

Hapo umegonga penyewe. Chukua deni la 240,000. Riba ya mwaka ni 9,600. Faini ya mwaka huohuo ukinyamaza ni 60,000, zaidi ya mara sita ya riba.

Ukilipa 240,000 kwa miezi 120, ni kama 2,430 kwa mwezi, na mwishoni utakuwa umetoa riba ya takriban 51,600. Ukibana ulipe kwa miezi 48, ni kama 5,419 kwa mwezi na riba inashuka hadi karibu 20,000. Linganisha na mkopo wa simu kama M-Shwari, ambao ada yake ni asilimia 7.5 kwa siku 30 kabla ya ushuru. Mtu anaikimbia asilimia 4 ya mwaka, halafu mwezi wa pili wa muhula anakopa kwa simu ili alipe kodi ya nyumba. Kwa bei tu, hakuna duka la mikopo mtaani linaloikaribia HELB.

Ila wale wa zamani wasiwapotoshe vijana kwa hesabu za enzi zao. Kabla ya 2023 karo ya aliyedhaminiwa na serikali ilikuwa 16,000 kwa mwaka na mkopo ulicheza kati ya 35,000 na 60,000. Miaka minne, deni kubwa kabisa lilikuwa hiyo 240,000. Sasa mambo ni tofauti.

Nyamasaria

Tofauti vipi? Fungua kabisa, na wazazi wanasoma.

HesabuMilimani

Tangu 2023 karo inatajwa kwa gharama kamili ya kozi, na sasa inagawanywa kwa makundi matano kulingana na hali ya familia. Kundi la 1: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5, na mkopo wa matumizi 60,000 kwa mwaka. Kundi la 3: ufadhili 50, mkopo 30, familia 20, matumizi 50,000. Kundi la 5: ufadhili 30, mkopo 30, familia 40, matumizi 40,000. Ufadhili haurudishwi. Mkopo wa karo na pesa za matumizi vyote vinarudishwa.

Tuseme kozi ni 200,000 kwa mwaka. Mtoto wa kundi la 1 anakopa 50,000 ya karo na 60,000 ya matumizi, jumla 110,000. Wa kundi la 3 anakopa 60,000 na 50,000, jumla 110,000. Wa kundi la 5 ni 60,000 na 40,000, yaani 100,000. Umeona? Aliye maskini zaidi anaondoka chuoni na deni lilelile la wa kundi la kati, na linampita yule wa juu. Nafuu yake iko kwa kile ambacho mzazi hatoi sasa, 10,000 badala ya 40,000 au 80,000. Baada ya miaka minne ni 440,000, ambayo kwa miezi 120 inakuja kama 4,455 kwa mwezi, na kwa miezi 48 kama 9,935.

Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huu kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kisha 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Kwa hiyo piga hesabu na ada iliyo kwenye barua yako ya kuitwa chuoni, si ya kaka yako.

SaibaLurambi

Upande wa kujaza maombi. Yanayokwama hapa karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mengi hayakwami kwa sababu ya umaskini wala utajiri. Yanakwama kwa majina.

Weka mezani vitu hivi kabla hujagusa kompyuta: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani wa KCSE (wa kidato cha nne) na mwaka, PIN ya KRA (namba ya kodi), vitambulisho vya wazazi (au cheti cha kifo kama mzazi hayupo), picha ya pasipoti, na taarifa za wadhamini wawili. Sasa soma jina herufi kwa herufi. KCSE inasema "Wafula Brian Simiyu", kitambulisho kinasema "Brian Wafula", benki imeandika "Bryan". Binadamu anajua ni mtu mmoja. Mtambo haujui. Rekebisha benki kwanza kwa sababu ndiyo rahisi, ndipo uende kwa hivyo vingine.

Pili ni laini ya simu. Isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe. Laini aliyokununulia shangazi ukiwa kidato cha pili bado ni ya shangazi.

Tatu, maswali ya familia ndiyo yanayokupanga kundi, nayo watu huyajaza mbiombio wakiwa wamelipia nusu saa. Idadi ya ndugu walio shuleni, karo wanayolipiwa, kipato cha mzazi, ulemavu kama upo, yatima kama ni yatima: jaza yote, ukiwa na karatasi za kuthibitisha. Mzazi aliye na duka dogo Mumias asiandikwe "mfanyabiashara" bila kipato, kwa maana neno hilo pekee halielezi chochote. Ukipangiwa kundi lisilokufaa kuna rufaa kwenye tovuti hiyohiyo uliyoombea, na rufaa bila stakabadhi ni barua ya mapenzi tu.

Na tafadhali, nenosiri liandike kwenye daftari lako. Usimwachie mtu wa saiba (duka la kompyuta), hata kama ni mimi. Ukikwama kabisa, dawati la HELB liko Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali).

Mama Njoro

Wanangu wa Egerton na kwingineko, mkopo wa mwaka wa kwanza haujiendelezi wenyewe. Kila mwaka unaomba upya, na dirisha likifungwa limefungwa. Halafu pesa ya karo huenda chuoni moja kwa moja, lakini chuo lazima kithibitishe kwamba umejisajili muhula huo. Asiyejisajili kwa sababu anangoja HELB, na HELB nayo inangoja usajili wake, hao watangojeana hadi mtihani upite.

KabarakRoad

Na sisi wa vyuo vya binafsi?

HesabuMilimani

Mkopo unaweza kuomba. Ufadhili wa serikali ni wa vyuo vya umma. Kwa hiyo makundi hayo niliyotaja usiyatumie kupima karo ya chuo cha binafsi, pengo lote linabaki kwa familia.

Mama Njoro

Niongeze la matumizi, maana hapo ndipo mkopo unapogeuka kuwa mzuri au wa hasara. Tuseme ni 60,000 kwa mwaka, 30,000 kwa muhula wa miezi minne. Kodi ya chumba tuseme 3,500: toa 14,000 siku pesa inapoingia na umlipe mwenye nyumba yote, uchukue risiti. Zimebaki 16,000 kwa siku 120, yaani shilingi 133 kwa siku. Hiyo inatosha kama gorogoro za mahindi zimetoka nyumbani, unapika mwenyewe kwa meko, na mboga ni sukuma na omena wa sokoni. Haitoshi kama ni chipsi kila jioni. Mwenye kununua simu mpya wiki ya kwanza amenunua simu ya kulipia miaka kumi.

KaraniMishahara, Kisumu

Kwa wanaoanza kazi: mwajiri anatakiwa na sheria kukukata HELB kwenye mshahara. Mpe namba yako ya kitambulisho mapema, usingoje akuulize. Kisha usiamini karatasi ya mshahara peke yake. Makato yanaweza kuonekana hapo na yasifike. Kila baada ya miezi mitatu toa taarifa ya mkopo wako, linganisha mwezi kwa mwezi, na mwezi uliokosekana upeleke kwa maandishi ukiambatisha hati ya mshahara.

Sheria ya Ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Wa 30,000 lazima abaki na 10,000 angalau. Hapo SHA (bima ya afya) ni 825 na tozo ya nyumba (Housing Levy) 450, kisha NSSF (akiba ya uzeeni), kisha HELB ya 4,455. Bado anapumua. Kinachomfikisha ukutani huwa ni sacco na mikopo ya benki juu yake.

Asiye na mwajiri analipa mwenyewe kwa M-Pesa, paybill 200800, akaunti ni namba ya kitambulisho. *642# nayo ipo.

Nyamasaria

Na yule ambaye mwaka wa kupumua umeisha na kazi hana?

KaraniMishahara, Kisumu

Awaandikie HELB kabla mwaka huo haujaisha, si baada. Aeleze hali yake, aombe mpango wa malipo, ahifadhi majibu. Akinyamaza faini inaanza kuhesabika na jina linaweza kupelekwa CRB (ofisi ya kumbukumbu za wakopaji), halafu siku anaomba kazi ya serikali anadaiwa cheti cha HELB. Mara kwa mara bodi hutangaza msamaha wa faini kwa anayelipa deni lote kwa mkupuo. Ukitangazwa, kopa sacco ulipe, piga hesabu kwanza kama riba ya sacco iko chini ya faini utakayosamehewa. Mara nyingi iko chini sana.

SaibaLurambi

Na wadhamini waambiwe. Kuna mjomba Butere hajui kwamba jina lake limo.