Naombeni ushauri: nisimulieje historia ya nadharia ya mageuko bila kuianza na kuimaliza kwa Darwin?

MpendaVisukuku (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Nimepewa jukumu la kuzungumza kwa saa moja mbele ya kikundi cha watu wazima wanaojisomea sayansi kwa hiari yao, na mada yangu ni jinsi fikra za kisayansi kuhusu mageuko ya viumbe zilivyokua. Nimesoma kwa wiki kadhaa, lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kukwama. Simulizi niliyoizoea tangu shuleni ni fupi mno: Lamarck alikosea aliposema shingo ya twiga ilirefuka kwa kunyooshwa na kurithishwa, Darwin akafika visiwa vya Galapagos, akaona ndege wenye midomo tofauti, akachapisha kitabu mwaka 1859, na mambo yakaishia hapo. Sasa nimegundua kwamba karibu kila kipande cha simulizi hiyo kina kasoro, na kwamba kwa miongo kadhaa baada ya kitabu hicho wanasayansi wengi waliutilia shaka uteuzi asilia wenyewe, yaani wazo kwamba viumbe wenye sifa zinazowafaa huishi na kuzaa zaidi ya wengine.

Nikiyaeleza mashaka hayo, najua msikilizaji mmoja atasimama na kuuliza: kama nadharia imerekebishwa mara nyingi kiasi hicho, tutajuaje kwamba ya leo nayo si makosa? Nikiyaficha, nitakuwa nimewadanganya watu walioniamini. Naombeni mnisaidie: nianzie wapi, na swali hilo nilijibu vipi kwa uaminifu?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu MpendaVisukuku, nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi, na simulizi hiyo fupi niliirudia mwenyewe mara nyingi kabla sijajua ubovu wake, kwa hiyo naielewa hofu yako.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba utenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jambo la kwanza ni dai kwamba viumbe hubadilika na kwamba wana asili moja. La pili ni namna mabadiliko hayo yanavyotokea. Dai la kwanza lilikubaliwa na wanabaiolojia walio wengi katika muda wa takriban miaka ishirini baada ya 1859, na halijatikisika tangu hapo. Ubishi mkali uliofuata ulihusu jambo la pili. Msikilizaji akishaiona tofauti hiyo mapema, mashaka ya baadaye hayatamyumbisha.

Ushauri wa pili ni kwamba uanze na swali la kutoweka. Mwaka 1796 Georges Cuvier alilinganisha mifupa ya mamothi na ya tembo wanaoishi leo, akaonyesha kwamba mamothi alikuwa mnyama wa aina nyingine, ambaye hayupo tena popote duniani. Kwa watu waliodhani kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kufutika kabisa, hilo lilikuwa jambo zito, ingawa Cuvier mwenyewe aliendelea kupinga wazo kwamba spishi hugeuka. Kutoka hapo mfikie Lamarck, na nakusihi umtendee haki. Kitabu chake cha mwaka 1809 kilikuwa jaribio kamili la kueleza mabadiliko ya viumbe vyote kwa sababu za kimaumbile, na twiga ni mfano mdogo tu ndani yake. Wazo kwamba sifa zinazopatikana maishani hurithiwa halikuwa lake peke yake. Darwin naye alilikubali kwa kiasi fulani.

Kalamu na Darubini

Naunga mkono maneno ya Mwalimu, na ningependa kuongeza pale ambapo naamini pana utamu wote wa historia hii, yaani tatizo la urithi.

Wakati wa Darwin wengi walidhani kwamba sifa za wazazi huchanganyika ndani ya mtoto kama rangi mbili zinavyochanganyika. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alionyesha kwamba jambo hilo lingeweza kuiangusha hoja ya uteuzi asilia. Chukua mnyama mmoja aliyezaliwa na sifa yenye manufaa. Akizaa na mwenzake asiye na sifa hiyo, watoto watapata nusu yake, wajukuu robo, vitukuu sehemu moja ya nane, hadi sifa iyeyuke kama tone la wino ndani ya pipa la maji, kabla uteuzi haujapata nafasi ya kufanya kazi. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na Darwin alilijua hilo. Mwaka uliofuata alitoa nadharia yake ya urithi, iliyodai kwamba kila sehemu ya mwili hutoa chembe ndogo zinazokusanyika katika viungo vya uzazi, na nadharia hiyo haikusimama.

Kumbe jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa mwaka 1866. Gregor Mendel, katika bustani ya monasteri huko Brno, alipanda njegere kwa miaka mingi na kuhesabu matokeo yake kwa subira isiyo ya kawaida. Alipozalisha mbegu za mviringo na zile zilizokunjamana, kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za mviringo tu. Lakini katika kizazi cha pili alipata 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Mkunjamano ulikuwa umejificha, haukuyeyuka. Tafadhali, tarakimu hizo ziandike ubaoni na uwaache watu wazitazame kwa muda, maana hapo ndipo hoja ya Jenkin inapokosa miguu.

Makala hayo hayakupewa uzito hadi mwaka 1900. Hata yalipofufuliwa, wafuasi wa kwanza wa Mendel walidhani yanampinga Darwin, kwa kuwa walitilia mkazo mabadiliko makubwa ya ghafla, ilhali Darwin alisisitiza tofauti ndogondogo. Ronald Fisher ndiye aliyeonyesha kwa hesabu, mwaka 1918, kwamba jeni nyingi zenye athari ndogo zikifanya kazi pamoja huzaa tofauti zinazopishana kidogokidogo, kama urefu wa watu. Yeye, J. B. S. Haldane na Sewall Wright waliujenga msingi wa kihisabati, kisha Theodosius Dobzhansky akauunganisha na viumbe halisi katika kitabu cha mwaka 1937.

MsomaMiamba

Usisahau umri wa dunia. Lord Kelvin, kwa kupiga hesabu ya jinsi dunia inavyopoa, aliipa kati ya miaka milioni 20 na milioni 400 mwaka 1862, na baadaye akapunguza zaidi, muda ambao ulionekana mfupi mno kwa mageuko ya polepole. Wengi husema aliangushwa na ugunduzi wa mnururisho, yaani kuvunjika kwa atomi ambako huipa dunia joto. Kwa kweli, mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alikwisha kuonyesha kwamba kosa kubwa lilikuwa kudhani joto husafiri kwa namna ileile katika kina chote cha dunia. Mnururisho ulitupatia saa ya kupimia miamba, na saa hiyo inasoma takriban miaka bilioni 4.5.

MpendaVisukuku

Nawashukuru sana. Nina maswali mawili zaidi. Ndege wa Galapagos niwaache kabisa? Na Wallace nimweke wapi?

Mwalimu Mstaafu

Usiwaache, ila sema ukweli wao. Darwin hakuielewa maana yao alipokuwa visiwani. Ni John Gould, mtaalamu wa ndege, aliyebainisha huko London mwaka 1837 kwamba ni spishi tofauti za kundi moja. Wallace ana nafasi yake kamili: alifikia wazo la uteuzi asilia kivyake, akamwandikia Darwin mwaka 1858, na maandishi ya wote wawili yakasomwa pamoja London tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Wallace alikuwa mbali katika visiwa vya Malay, na Darwin alikuwa amefiwa na mwanawe mchanga siku chache kabla.

Kalamu na Darubini

Kuhusu yule msikilizaji unayemhofia, mpe mfano wa kromosomu, yaani nyuzi za DNA ndani ya seli zinazobeba jeni. Binadamu ana jozi 23, ilhali sokwe, gorila na orangutangu wana 24. Kama tuna asili moja nao, jozi moja haiwezi kuwa imepotea hivihivi na jeni zake zote. Yapasa kromosomu mbili ziwe zimeungana. Mwaka 1991 watafiti walichapisha ushahidi kwamba katikati ya kromosomu yetu ya pili pana mfuatano wa DNA ambao kwa kawaida hupatikana kwenye ncha, mara mbili, ukielekeana. Darwin hakujua kromosomu ni nini, na dai lake lingeweza kukwama hapo. Halikukwama.

Tahadhari moja: usiseme kwamba Darwin alikuwa na makala ya Mendel nyumbani kwake bila kuyafungua. Masimulizi hayo yameenea, lakini hayana ushahidi.

MpendaVisukuku

Nilikuwa nimeyaandika hayo katika ukurasa wa kwanza wa maelezo yangu, tena kama kivutio cha kufungulia mazungumzo. Nimeyafuta sasa hivi, na mahali pake nimeweka mifupa ya mamothi.