Naomba ushauri: jeli ya fangasi kwa mtoto wa miezi 5

Habari wakuu. Mtoto ana utando mweupe ulimini, ukifuta haubanduki kama maziwa. Ameandikiwa jeli ya mikonazoli ya mdomoni, ml 1.25 mara 4 kwa siku baada ya kunyonya. Ni nzito, ikifika kooni inaweza kumkaba, hivyo inapakwa kidogo kidogo sehemu ya mbele kwa kidole safi, hadi siku 7 baada ya utando kuisha.

Shida ni chuchu za mama, zinawaka moto na kung'aa. Apake krimu ya mikonazoli kila akimaliza kunyonyesha, aifute kabla ya kunyonyesha tena?

Bibi naye anaitaka jeli, fangasi chini ya meno bandia. Anameza warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), hivyo nimemkatalia: zikikutana, anaweza kuvuja damu. Nistatini, dawa nyingine ya fangasi, itamfaa?