Wanafunzi wangu wamepangiwa kutetea kuishi Mshtarii. Nawasaidiaje bila kuwadanganya?

MadamJiografia
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Jiografia shule moja ya kata huku Kibosho, juu kidogo ya Moshi mjini. Ijumaa tuna mdahalo wa Kiswahili, na kamati ya wanafunzi imechagua hoja yenyewe: "Sayari ya Mshtarii inaweza kugeuzwa ikawa makazi ya binadamu." Wapinzani wameshaanza kucheka korido nzima. Wanaounga mkono ni watoto wanne wa kidato cha pili, wameangukiwa na kura tu, na jana wamenifuata ofisini na daftari tupu.

Shida yangu ni kwamba kila ninachokijua kinawapa ushindi wapinzani. Mshtarii ni haidrojeni na heliamu, haina ardhi ya kukanyaga. Iko mbali na jua mara tano kuliko sisi, kwa hiyo mwanga inaoupata ni sehemu moja tu ya 27 ya huu wetu. Sasa niwaambie wapige porojo wapate makofi, au niwaambie ukweli wapande jukwaani wameshashindwa? Msichana mmoja kaniuliza, "Madam, kwani tukiimwagia udongo?" Sikucheka, lakini jibu sikuwa nalo.

Mangi_wa_Spea
Udongo utoke wapi, Same? Mshtarii ina uzito wa Dunia 318. Uisage Dunia yote uimwage mle, hutaona hata tope. Waambie wasingizie mafua.

MpagaziMstaafu
Mwalimu, huyo wa spea mwache. Mimi nimebeba mizigo mlimani Kilimanjaro miaka 14, nikupe kitu cha kushika mkononi.

Chukua chupa ya maji ya plastiki, ile tupu. Ukiifunga kizibo vizuri kule kileleni, ukifika geti la Mweka utaikuta imebonyea kama imekanyagwa na gari. Hakuna aliyeigusa. Kule juu hewa ni nyepesi, karibu nusu ya ya kwetu, na kadiri unavyoshuka hewa ya nje inakuwa nzito inaibana. Sisi tunashuka tunafika getini, tunasaini daftari, tunakula ndizi. Mshtarii unashuka na geti halipo. Desemba 1995 Wamarekani walidondosha kifaa mle, kilitoka kwenye chombo chao cha Galileo. Kikatuma taarifa kwa kama saa moja kasoro dakika mbili, kikanyamaza. Mgandamizo ulikuwa umeshapita mara 20 ya huu wetu, na joto nyuzi 150 hivi. Hakikugonga chochote. Kilibanwa na kupikwa.

Chupa moja iliyobonyea ninayo nyumbani, mjukuu anaichezea. Tuma mtoto aje aichukue.

MadamJiografia
Asante sana mzee wangu, nitamtuma kesho. Ila chupa hiyo si itawasaidia wapinzani tena?

DerevaWaWageni_AR
Si lazima. Soma tena alichoandika mzee. Juu mawinguni kuna baridi ya nyuzi 108 chini ya sifuri. Huko kifaa kilikofia ni 150 juu ya sifuri. Kwa hiyo katikati hapo lazima kuna kina ambacho joto lake ni la Arusha mwezi wa saba, unavaa sweta unatembea. Waunga mkono waanzie hapo! Mwambie mtoto auchore kama mlima uliopinduliwa.

Halafu kuelea. Mimi napeleka wageni Serengeti, naona yale maputo yanavyopaa alfajiri. Mle ndani mna hewa hii hii, wameichoma moto tu ikawa nyepesi. Kosa ambalo watoto wasilifanye ni kusema watatumia puto la heliamu. Haidrojeni ndiyo gesi nyepesi kuliko zote, heliamu mle itazama kama jiwe. Inabidi uchukue haidrojeni ya huko huko uipashe moto. Na hapo wapinzani wakiuliza moto wa nini, maana oksijeni hakuna, wajibu mtambo wa nyuklia.

Kilichobaki kigumu ni uzito. Mwenye kilo 60 atajisikia ana kilo 150. Hilo sina dawa yake. Zohali ingekuwa afadhali, mvuto wake mawinguni unakaribiana kabisa na wa kwetu, lakini hoja imetaja Mshtarii.

Kiberiti_Njiro
Sasa kama ni haidrojeni tupu si waiwashe iwe jua la pili? Shida ya mwanga imeisha 😂

DerevaWaWageni_AR
Nimetoka kuandika hapo juu kwamba oksijeni hakuna, mkuu. Julai 1994 vipande vya kimondomkia Shoemaker-Levy 9 viliigonga Mshtarii kimoja baada ya kingine, vikaacha madoa meusi, mengine makubwa kuliko Dunia. Haikuwaka. Ili iwe nyota ingehitaji uzito wake mara 80 hivi.

Babu_Mdahalo
Nimefundisha miaka 31, na midahalo nimesimamia mpaka nikachoka. Madam, wafundishe kukubali mapema. Msemaji wa kwanza asimame aseme mwenyewe: ardhi hakuna, hewa ya kupumua hakuna, uzito ni mara mbili na nusu. Wapinzani watakuwa wamekariri hayo hayo, wakisimama hawana jipya. Kisha abane neno "kugeuzwa". Hoja haikusema lini wala haikusema sayari yote. Mji mmoja unaoelea ni makazi.

Mama_Kiboriloni
Babu shikamoo, lakini hapo naona ujanja. Kuelea kwenye puto hujaigeuza sayari, umejificha ndani yake. Kwa nini wasihamie kwenye miezi yake? Ganimedi ni kubwa kuliko sayari ya Utaridi, ina barafu, na ina usumaku wake yenyewe. Wazungu wa Ulaya wameshatuma chombo mwaka 2023, kitafika 2031.

Babu_Mdahalo
Marahaba mwanangu. Wakitoka kwenye Mshtarii tu, mwenyekiti atawakata maksi. Mwezi si sayari.

Mama_Kiboriloni
Basi akatwe mwenyekiti.

MadamJiografia
Wakuu, mrejesho, leo Jumamosi. Tumepigwa, kura 61 kwa 48. Nilitegemea 100 kwa 9.

Msemaji wa kwanza alikubali mapema kama Babu alivyosema, na wapinzani kweli waligeukiana. Chupa ilipita mkono hadi mkono, ikarudi na nyufa, mzee wangu nisamehe, nitamtafutia mjukuu nyingine. Yule wa udongo ndiye aliyechora mlima uliopinduliwa ubaoni, akaandika "Arusha Julai" katikati, ukumbi ukapiga meza. Halafu akatokea kijana wa mwisho, hakunisikiliza, akaacha Mshtarii akarukia Titan, ambao hata si mwezi wa Mshtarii, ni wa Zohali. Alikuwa anaeleza maziwa ya methani, mwenyekiti akapiga kengele.

Ameniomba Jumatatu nimpe dakika kumi za kipindi amalizie. Nimekubali, ila silabasi niko nyuma wiki mbili. Mwenye muhtasari mfupi wa ramani za kontua aniwekee hapa.