Naomba ushauri: kona na njia za miguu katika mtaa wa viwanda, Vingunguti

Ndugu zangu, habari za majukumu.

Sisi wenye maghala katika mtaa mmoja wa viwanda hapa Vingunguti, Dar es Salaam, tunaandaa mapendekezo ya kujenga upya barabara yetu ya ndani kabla ya kuyapeleka halmashauri, nami nimepewa kazi ya kukusanya maoni ya wenye ujuzi.

Tatizo kubwa ni kona. Semitrela yenye kontena la futi 40, yaani takribani mita 12 za kontena peke yake, inapoingia mtaani, matairi ya nyuma hukata kona kwa ndani, hupanda ukingo na kuvunja mifuniko ya mtaro, na hapo ndipo wafanyakazi wanaotoka zamu hupita kwa miguu. Je, tuipanue kona yote, jambo ambalo nahofia litawafanya wenye magari madogo wakate kwa kasi, au tuweke ukingo mpana wa zege wenye kimo kidogo ambao trela itaukanyaga lakini gari dogo litaukwepa?

Vilevile, lami imebonyea mbele ya mageti, malori yanaposimama kusubiri kushusha mzigo. Nafikiria zege sehemu hizo tu, na lami kwingineko. Aliyewahi kusimamia kazi ya namna hiyo anieleze maungio ya zege na lami hudumu vipi msimu wa masika.

Mama lishe na bodaboda hawataondoka, wala sioni kwa nini waondoke. Wapangiwe nafasi upande upi wa geti ili wasizibe njia ya waenda kwa miguu?