Diski ya GB 320 inasoma 127 kwenye desktopu ya zamani, nimepigwa Kariakoo au ni mashine?

mama_printi
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada kichwa kinaniuma. Nina steshenari huku Mbagala Rangi Tatu, natumia desktopu ya zamani Pentium 4 ile ya waya mpana wa IDE, na siwezi kuiacha kwa sababu printa yangu kubwa inachomekwa kwenye ile soketi ya pini 25 ambayo kompyuta mpya hazina. Diski yake ya 40 GB imejaa picha za wateja na kadi za harusi, juzi nikaenda Kariakoo nikapata ya 320 yuzdi. Kufunga na kupiga Windows XP upya inasoma 127 tu!! Nimemrudia kaka aliyeniuzia anasema diski nzima, mashine yangu ndo imechoka. Je, nimebandikiwa lebo ya uongo? Hela yenyewe ilikuwa ya kodi ya fremu jamani.

kijana_tandika
Pole dada umepigwa hiyo, lebo wanabandika tu. Rudisha kabla hajakusahau.

fundi_wa_zamani
Kijana usimtie mtu presha bado. Diski ya kiwandani ya 127 haipo, ukibandikiwa lebo feki utakuta 80, 120 au 160. Hiyo 127 ni ukuta unaojulikana. Mashine za zamani zilihesabu sekta za diski, yaani vile vipande vidogo vya kuhifadhia, kwa namba ya biti 28, mwisho wake sekta 268,435,456, kila moja baiti 512, ukizidisha unapata kama GB 137 kwa hesabu ya kiwandani, ambazo kwa hesabu ya Windows ni 128 kasoro kidogo, ndo hiyo 127 yako. Baadae wakaja na biti 48. Sasa dada washa mashine, gonga Delete uingie kwenye baiosi, ile programu ya mashine inayowaka kabla ya Windows, uone inaandika ngapi, halafu kwenye Windows bofya kulia My Computer, fungua Properties, utuambie kama kuna neno Service Pack, yaani kifurushi cha marekebisho ya Windows.

mama_printi
Baiosi inaandika 320!! Kwenye Windows ni XP Version 2002 basi, Service Pack hakuna. CD ni ile niliyopewa na fundi wa kwanza miaka mingi sana.

fundi_wa_zamani
Basi pumua dada, hukuibiwa na mashine haijachoka. XP ilitoka 2001 haijui biti 48, ikaja kujua kwenye Service Pack 1 mwaka 2002. Ingekuwa baiosi ndo inagoma kwenye 137 tungetafuta apdeti ya baiosi au kadi ya IDE ya kuchomeka kwenye soketi ya PCI ndani ya mashine. Wewe tafuta Service Pack 2 kwenye CD uipige, ukishamaliza piga 3. Usianze na 3 itakataa, haikai juu ya XP tupu.

kijana_tandika
Ahsante mkuu nimejifunza, dada nisamehe. Ila si rahisi achomeke diski kwenye kompyuta nyingine aifomati yote 320 halafu airudishe hapo?

fundi_wa_zamani
HAPANA, na naomba kila anayesoma hapa aelewe. Windows isiyojua biti 48 ukiipa patisheni, yaani sehemu ya diski, inayovuka huo ukuta inaweza kuandika bila kulalamika, ila anwani ikizidi biti 28 zile za juu zinakatwa, inarudi kuandika mwanzoni mwa diski, kulekule ilipo ramani ya mafaili. Mteja wangu mmoja alipoteza picha za ubatizo wa mwanae hivyohivyo, mambo yalikwenda vizuri mpaka diski ilipovuka 137, asubuhi haikuwaka. Nilikaa nayo wiki nzima nikarudisha picha chache sana, bado inaniuma. Dada usifute ile ya 40 kwa sasa.

mama_printi
Wakuu nimepiga SP2, nikapiga SP3, nikafungua Disk Management nikakuta GB 170 zimekaa bila kazi, nimezifanya D. Jumla ni 298 lakini, hizo 22 nyingine ziko wapi?

fundi_wa_zamani
Hazijaenda popote. Kiwanda kinahesabu GB kuwa baiti bilioni 1, Windows inazidisha 1024 mara tatu, kwa hiyo bilioni 320 zinasomeka 298. Hata ya 500 mpya kabisa utaikuta 465. Hamishia picha kwenye D, fungua chache za mwanzo, za kati na za mwisho uone kama ziko sawa. Na hiyo mashine usiiunganishe na intaneti, XP iliachwa kupewa apdeti za usalama 2014, kazi za wateja lete kwa fleshi uliyoiskani kwenye kompyuta nyingine.

mama_printi
Nimefungua kama 50, zote zinafunguka. Ya 40 nimeifunga kwenye nailoni nimeiweka kabatini nyumbani. Kesho nikishuka mjini nampitia yule kaka Kariakoo, nilimwambia maneno makali mbele ya wateja wake.

kijana_tandika
Mpelekee na hii habari ya SP2 dada, lazima kuna wengine wanamrudishia diski nzima.