Huyu "Soma Simu" wetu mnamjua, njooni mnishike kabla sijamtupa baharini

Wakuu, natoa povu hili jasho la gatini halijakauka. Simtaji. Mnamjua.

"Soma simu." Ndivyo alivyonijibu msafiri mwenzetu huyo nilipomwambia meli ya kitalii inatuacha, mbele ya kundi zima na muuza kofia, simu kanisogezea puani kama daktari wa macho. Saa nane na nusu. Soma. Simu.

Haya, tusome. Tuko Cozumel, kisiwa cha Mexico, jimbo la Quintana Roo. Wale tangu 2015 hawachezi na saa, mwaka mzima ni ileile. Meli imetoka Miami, na Florida majira haya ya joto saa imesogezwa mbele. Simu ikinasa mnara wa Mexico inajirekebisha yenyewe, kimyakimya, inarudi nyuma saa nzima. Kwa hiyo saa nane na nusu ya simu ni saa tisa na nusu ya meli, na saa tisa na nusu ndiyo iliyoandikwa kwenye ubao pale mlangoni: mwisho wa kupanda. Kuondoka ni saa kumi, lakini ile nusu saa si yako, ni ya kutoa ngazi na kufungua kamba. Kabla ya kushuka unazima saa ya kujirekebisha kwenye simu, au unavaa ya mkononi, hata ya mnadani. Basi!

Halafu mimi ndiye nisome simu.

Tena magati ya meli za kitalii pale ni matatu. Punta Langosta liko mjini kabisa, Puerta Maya na International Pier yako kusini, ni ya kupanda teksi. Ukimwambia dereva "melini" atakushusha kwenye meli yoyote anayoijua yeye. Piga picha jina la gati unaposhuka. Na foleni je? Kadi ya chumba, kitambulisho chenye picha, mkoba kwenye mashine. Yeye kabeba tekila, ambayo inabaki kwa wakaguzi mpaka mwisho wa safari, na embe. EMBE, wakuu. Bichi. Abishane nalo pale mlangoni!

"Soma simu." Mungu ananiona.

Kitumbua_Baridi: Mmepanda au mmeachwa? Makala yote ya saa, hilo hujasema.

Mleta uzi: Tumepanda. Wa mwisho. Watu kwenye roshani wanatupigia makofi.

Kitumbua_Baridi: 😂😂 Kumbe sinema ilikuwa nyie.

Nahodha_wa_Beseni: Povu lote hili na mmepanda? Ungeachwa ndiyo ungejua. Wanaangalia kadi ambazo hazijarudi, wanaita majina kwenye spika, wakikukosa pasipoti inatolewa chumbani anaachiwa wakala wa bandarini. Nauli ya kuifuata meli ni juu yako. Matembezi ya kununua melini ni ghali, ila yakichelewa, meli ndiyo inayojua itakufikishaje.

Mama_Theluji: Na aliyekuja na cheti cha kuzaliwa tu? Raia wa Marekani anaruhusiwa kama safari inaanzia na kuishia bandari ileile ya kwao, lakini ndege ya kimataifa hapandi nacho. Atauza kofia.

Galveston_Fundi: Mleta uzi usipotoshe watu. Hiyo ni ya meli za Miami. Za Galveston, kule Texas, majira ya joto saa zinalingana na Cozumel. Majira ya baridi Cozumel ndiyo iko mbele. Na kuna manahodha wanaofuata saa ya bandarini. Saa ya kufuata ni ya ndani ya meli.

Binti_Ukaya: Shida yenu ni "saa tisa". Kundini hakukuwa na mtoto wa Texas aliyeelewa saa tisa ya Kizungu?

Mleta uzi: Usinikumbushe.

Kanzu_Safi: Mnalilia embe. Pasi je? Inachukuliwa siku ya kwanza, pamoja na ekstensheni yenye kinga ya umeme, eti moto. Nivae mikunjo kwenye usiku wa suti?

Mama_Theluji: Na chai yao. Maji moto na kijifuko, tangawizi hakuna.

Nahodha_wa_Beseni: Beba ya unga, pakiti haijafunguliwa. Vikavu vya dukani kwa kawaida vinapita.

Galveston_Fundi: Kanzu itundike bafuni, fungulia maji ya moto, funga mlango dakika kumi.

Binti_Ukaya: Kumi za meli au za simu?

Kanzu_Safi: Ni ya pamba nzito. Kumi haitoshi.