Splitibodi na makorongo ya Colorado: nijifunze nini kabla ya mteremko wa nyuzi 45?

MgumuWaMachame

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu.

Mimi ni mzaliwa wa Machame, naishi Denver mwaka wa sita sasa. Kabla ya kuja huku nilibeba mizigo Kilimanjaro misimu mitatu, kwa hiyo mlima na baridi navijua. Theluji ya kutelezea ndiyo nimeikuta ukubwani. Nimeteleza kwa snoubodi, ubao mmoja wa kutelezea theluji, pale kituo cha Loveland misimu minne, na njia zao ngumu nazishuka vizuri. Mwaka jana nikanunua splitibodi iliyotumika, ule ubao unaogawanyika vipande viwili ukapanda nao kama ski, halafu ukauunganisha wakati wa kushuka. Desemba nikafanya kozi ya siku 3 ya maporomoko ya theluji, ngazi ya kwanza ya AIARE, taasisi ya Marekani ya mafunzo hayo.

Sasa rafiki zangu wawili wanataka twende Torreys Peak mwezi Mei, tushuke Dead Dog Couloir, korongo la theluji lenye mteremko unaofika nyuzi 45 hivi. Wao wanatumia ski na wamekwenda mara kadhaa. Mimi kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, nimezijaribu dukani tu, na shoka la barafu sijawahi kulishika. Wanasema nitajifunza hukohuko. Mke wangu amekataa, na moyoni naona ana haki. Nianzie wapi, nifuate mpangilio gani?

Kasuku_SLC

Kaka, karibu. Kozi umefanya, lakini jiulize: tangu Desemba umefanya mazoezi mara ngapi ya kutafuta kifaa cha mawimbi kilichofukiwa, kile tunachovaa ili tukifunikwa na theluji wenzetu watupate? Mtu aliyefunikwa kabisa ana nafasi nzuri katika dakika 10 za kwanza, baadaye inashuka haraka sana. Mimi na wenzangu huku Salt Lake City tunafukia begi lenye kifaa kila mwanzo wa msimu, tunatafuta, tunachimba kwa koleo mpaka tunalifikia. Kuchimba ndiko kunakokula muda. Na simu yako ikae mbali na kifaa: sentimita 20 unapotembea, 50 unapotafuta.

Dada_wa_Frisco

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kabla ya kwenda, nashukuru sana.

Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Frisco, mji wa milimani hapa Colorado, mwaka wa kumi na moja. Nitakaa zaidi kwenye jambo moja kwa sababu lilinipata mwenyewe. Tukizungumzia mteremko mkali, wengi tunawaza kushuka. Hatari niliyokutana nayo mimi ilinikuta nimesimama, nabadilisha vifaa.

Ilikuwa Mei 2019, Cristo Couloir kwenye Quandary Peak. Korongo hilo linatazama kusini, linashuka kutoka karibu na kilele cha mita 4,348 kuelekea Blue Lakes. Tulianza kupanda saa kumi alfajiri, theluji imeganda kama saruji. Nilipanda kwa kramponi, vipande viwili vya ubao nimevifunga pembeni mwa begi. Karibu na juu upepo ukazidi, tukaamua kushukia palepale. Nikachonga kijukwaa cha kutosha nyayo zangu tu. Nikatoa kipande cha kwanza, nikakilaza kando, nikageuka kuchukua cha pili. Nikasikia mkwaruzo. Kilikuwa kimeshaondoka. Nilikitazama kikienda hadi kikawa kama njiti ya kiberiti, kisha sikukiona tena.

Nusu ya ubao si ubao. Nilishuka kwa miguu, uso nimeuelekeza mlimani, shoka mkononi, nikipigilia ncha za kramponi hatua moja moja, kwa muda wa zaidi ya saa mbili. Jua likaanza kulainisha theluji na vijiwe vikaanza kudondoka kutoka kwenye miamba. Mwenzangu wa ski alinisubiri njia nzima, kila mara akisimama pembeni, si chini yangu. Kramponi na shoka ndivyo vilivyonirudisha nyumbani, yaani vilevile ambavyo wewe hujavishika.

Kwa hiyo anza na shoka. Nenda St. Mary's Glacier, hapo juu ya Idaho Springs, utafute sehemu inayoishia kwenye tambarare isiyo na mawe. Vaa helmeti, na kramponi zibaki kwenye begi siku hiyo, maana jino likinasa ukiwa kwenye kasi linaweza kuvunja kifundo cha mguu. Jiangushe kwa tumbo, kwa mgongo, kisha kichwa kikitangulia. Kila mara jigeuze kifudifudi, ncha ya shoka iingie kwenye theluji karibu na bega, kifua chote kiwe juu yake. Rudia mpaka mwili ufanye bila kuulizwa. Kwenye theluji ngumu ya nyuzi 40 una sekunde moja au mbili tu. Ukishapata kasi, shoka litang'oka mkononi.

Siku nyingine iwe ya kramponi, na ujizoeze kushuka nazo kuliko kupanda.

Halafu huko kubadilisha vifaa. Kama korongo utalipanda kwa miguu, unganisha ubao chini, kwenye tambarare, uubebe mzima mgongoni. Upepo utausukuma kama tanga, vumilia. Ukifika unaposhukia, chonga jukwaa pana kwa koleo, shindilia shoka, jifunge kwalo. Ubao nao uwe na kamba iliyofungwa kwako kabla hujautoa begini. Toa kramponi ya mguu mmoja, funga mguu huo kwenye ubao, ndipo uguse wa pili. Miguu yote miwili isikae bila meno kwa wakati mmoja. Fanya haya nyuma ya nyumba ukiwa na glavu, kisha kwenye nyuzi 25, kisha 35.

Kuhusu muda, wewe unaelewa pengine kuliko rafiki zako. Unakumbuka tunavyotoka kambi ya Barafu saa sita usiku, kokoto za juu zikiwa zimeganda, mguu haurudi nyuma? Theluji ya Mei huku ni hivyohivyo: mchana inayeyuka, usiku inaganda. Usiku ukiwa na mawingu haigandi vizuri, hapo unarudi kulala. Dead Dog linapigwa na jua mara tu linapochomoza, kwa hiyo mwenye mikono mizito kwenye kubadilisha vifaa anawachelewesha wote chini ya mawe yanayolegea. Soma taarifa ya siku hiyo ya CAIC, kituo cha Colorado cha taarifa za maporomoko ya theluji, na chimba mwenyewe uone kama ile theluji ya sukari ya majira ya baridi, tabaka la chembe zisizoshikana, bado iko chini.

Dead Dog liache mwaka huu. Nasema kwa upendo.

Simba_Innsbruck

Nakubaliana na dada, naongeza la viatu. Viatu laini vya snoubodi vinapinda, kramponi za mikanda huchomoka ukipigilia ncha za mbele. Mimi nilihamia viatu vigumu vya ski za milimani na baindingi zake, yaani vifungio vya kushikia viatu kwenye ubao, miguu ikatulia.

Dada_wa_Frisco

Ni kweli, ila ni gharama kubwa na unajifunza kuteleza upya. Kwa mwaka wa kwanza viatu laini vinatosha, mradi kramponi zimekazwa nyumbani na kujaribiwa kwenye ngazi.

MgumuWaMachame

Dada, asante sana. Nimewapigia rafiki zangu, nimewaambia Mei siendi Torreys. Mmoja alinuna, mwingine akasema atakuja nami St. Mary's Jumamosi kwa sababu hajashika shoka tangu alipolinunua. Mke wangu anakuja pia. Urefu wa shoka nipime vipi? Mimi nina sentimita 178.

Dada_wa_Frisco

Simama wima, mkono umening'inia, ushike kichwa cha shoka. Ncha ya chini ifike karibu na kifundo cha mguu au juu yake kidogo. Kwa mteremko mkali chukua fupi, sentimita 55 hadi 60. Jumamosi nina nafasi, nitawakuta saa moja asubuhi mnapoegesha gari. Mama mwenye nyumba naye aje na glavu jozi mbili, ya kwanza italowa.